Ruhusa Hushuka Kutoka Folda ya Juu

Katika ofisi nyingi za hapa Babati, kompyuta inayoitwa "sava" ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza ya mhasibu na kuunganishwa na UPS. Ndani yake kuna folda moja kubwa ambayo kila mfanyakazi anaifungua akiwa kwenye meza yake. Mahali pengine folda hiyo inaitwa OFISI, pengine KAZI, pengine ina jina la meneja aliyekwishahama zamani. Ukiuliza nani anaruhusiwa kuona nini humo ndani, jibu halibadiliki: "Wote tunaona, fundi. Sisi ni ofisi moja."

Kabla ya kuwa fundi nilikuwa msaidizi wa kumbukumbu. Nilisomea kazi hiyo Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, nikafanya kazi masjala kabla sijaingia kwenye kompyuta. Siku hizi natunza mashine za ofisi ndogondogo kuanzia Bagara na Maisaka mpaka Magugu na Dareda: vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati za watu binafsi, maduka ya pembejeo. Kila ninapoifungua folda ya namna hiyo na kukuta mishahara, barua za nidhamu na picha za vitambulisho vya wateja vimelala pamoja mbele ya macho ya kila mtu, naumia, kwa sababu najua kuwa watu wale wale wasingethubutu kuyaacha makaratasi yao hivyo.

Masjala ni chumba ambamo majalada ya ofisi ya serikali husajiliwa, hutunzwa na kutumwa kwa wanaoyahitaji. Kuna masjala ya wazi na kuna masjala ya siri, na majalada ya siri hayachanganywi na mengine. Yana kabati lake la chuma na mtumishi wake, na jalada likitoka huandikwa limetoka lini na limekwenda kwa nani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ni ya mwaka 2002, mwaka ule ule ambao Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, lakini utaratibu wenyewe ni wa zamani zaidi ya sheria hiyo. Mzee aliyenipokea kazini hakuwahi kuniambia nisisome jalada fulani. Aliniambia tu nisiliweke mahali ambapo asiyehusika atalikuta.

Kompyuta nayo ina masjala yake. Iko ndani ya mashine tangu siku inaponunuliwa, na ofisi nyingi haziitumii kwa sababu hakuna aliyewaeleza wenye ofisi kwamba ipo.

Nianze na tukio lililonifanya niandike. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilipokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wale tunaowaita watu wa fildi. Alipewa kompyuta ya mapokezi aandike orodha ya wanachama wapya. Akitafuta fomu, alipita kwenye folda ya MIKOPO, akafungua barua iliyoskaniwa. Ilikuwa barua ya mwanachama aliyeomba kuongezewa muda wa marejesho kwa sababu ya ugonjwa, na nyuma yake imeambatishwa karatasi ya hospitali yenye jina la ugonjwa. Kijana na mwanachama yule wanatoka mtaa mmoja. Siku chache baadaye habari ilikuwa sokoni, na mwanachama alikuja ofisini kufunga akaunti yake. Alisema maneno machache sana, nami nilisimuliwa na watu waliokuwa bado wanaona aibu kuyarudia.

Meneja ni mama mtu mzima. Nilipoingia nikamwamkia, aliitikia shikamoo yangu huku bado ameshika kichwa. "Mwanangu," aliniuliza, "huyu mtoto ameingiaje? Ameiba nenosiri la nani?"

Hakuiba la mtu, na hakuvunja kitu. Alibonyeza mara mbili kwenye folda, ikafunguka, kwa sababu kompyuta ilikuwa imeambiwa imfungulie.

Nilibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda ya OFISI, nikafungua sifa zake, nikaenda kwenye ukurasa wa Security. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Everyone, yaani kila mtu, na mbele yake tiki ya Full Control, uwezo wote. Mhasibu alikumbuka ilikotoka. Miaka kadhaa nyuma waliletewa skana mpya, nayo ikagoma kuhifadhi karatasi kwenye folda ile. Aliyekuja kuifunga akaona njia ya mkato ni kumruhusu kila mtu kila kitu. Skana ikafanya kazi, akalipwa, akaenda zake. Wakati ule folda ya MIKOPO ilikuwa haijatengenezwa. Barua ya yule mwanachama ilikuwa haijaandikwa, wala yeye mwenyewe alikuwa hajaugua.

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye ofisi alielewe kuhusu ruhusa za folda. Ukiweka tiki kwenye folda ya juu, huamui juu ya vilivyomo leo peke yake. Unaamua juu ya nyaraka ambazo bado hazijaandikwa, na juu ya wafanyakazi ambao bado hawajaajiriwa.

Sasa nieleze linavyotendeka. Kompyuta za Windows huhifadhi mafaili kwenye diski iliyoandaliwa kwa mfumo uitwao NTFS, ulioanza na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Kwenye mfumo huo, kila folda na kila faili hubeba orodha yake. Kila mstari wa orodha unataja nani anahusika, anaruhusiwa au anakatazwa, na jambo gani: kuona majina ya vilivyomo, kusoma, kuandika, kubadilisha na kufuta, au kufanya yote hayo pamoja na kubadilisha orodha yenyewe. Hilo la mwisho ndilo Full Control, na mfanyakazi wa kawaida halihitaji kamwe. Anayeandika barua na kuzihifadhi anatosheka na ngazi ya chini yake, Modify, inayomwezesha kufanya kazi yote lakini haimpi mamlaka ya kumgawia mwingine ruhusa.

Faili jipya linapozaliwa, halianzi na orodha tupu. Huchukua mistari ya folda lilimozaliwa, na folda hiyo nayo ilichukua kwa iliyo juu yake, mpaka juu kabisa. Huo ndio urithi. Ukitazama orodha ya faili, ruhusa za kurithi utazikuta na tiki za rangi ya kijivu, huwezi kuziondoa hapo hapo. Watu wengi hukasirika wakifika hapa, wakadhani kompyuta imeharibika. Kijivu kinakuambia tu kwamba uamuzi haukufanyika hapa. Panda juu ukautafute.

Kabla ya Windows 2000, mtoto alichukua nakala ya orodha siku ya kuzaliwa, na mzazi akibadilika baadaye mtoto alibaki na ya zamani mpaka mtu aamue kulazimisha. Tangu toleo hilo, mabadiliko ya juu hushuka yenyewe. Ndiyo maana ukibadilisha ruhusa ya folda yenye skani za miaka mingi, utaona dirisha dogo likipita majina ya mafaili moja baada ya lingine, maana kila faili linaandikiwa orodha upya. Usizime mashine wakati huo. Umeme ukikatika katikati na UPS imechoka, nusu ya mafaili yatakuwa na orodha mpya na nusu ya zamani, na utatafuta tatizo wiki nzima.

Urithi si adui. Bila urithi, ofisi yenye mafaili elfu ishirini ingehitaji mtu wa kuandika orodha elfu ishirini. Mifumo ya Unix, iliyoanzishwa Bell Labs kuanzia 1969 na ambayo Linux imefuata nyayo zake, ilichagua njia nyepesi: kila faili lina mwenyewe, kundi lake, na watu wengine wote, na kila mmoja wa hao watatu ana ruhusa tatu, kusoma, kuandika na kuendesha. Mambo tisa tu. Ni rahisi kukumbuka, lakini katika utaratibu huo wa asili faili jipya halirithi ruhusa za folda yake kama Windows inavyofanya. Mimi nimezifanyia kazi zote mbili, na kwa ofisi yenye watu kumi na kazi zinazoingiliana, naona ile ya orodha inafaa zaidi, mradi mtu awe ameifikiria kwanza.

Hatari ya kulegeza kanuni ili kazi iende haikuanza na skana za Babati. Katikati ya miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha MIT kule Marekani kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kwa mfumo ulioitwa CTSS. Kiongozi wake alikuwa Fernando Corbató, aliyekuja kupewa Tuzo ya Turing, na katika hotuba yake ya tuzo hiyo alisimulia kisa hiki. Mwanzoni folda ya mtu mmoja iliweza kutumiwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na programu ya kuandikia ilijengwa kwa kutegemea hivyo: ilitumia faili la muda lenye jina lile lile siku zote. Baadaye, ili watunza mfumo wafanye kazi pamoja bila kusubiriana, kanuni ililegezwa kwa ajili yao. Ijumaa moja jioni wawili wakawa kazini pamoja, mmoja akihariri tangazo la siku, mwingine akihariri faili la nywila. Mafaili yao ya muda yakagongana. Kila aliyeingia kwenye mfumo kuanzia dakika ile alichapiwa nywila za watumiaji wote badala ya tangazo, mpaka mtumiaji mmoja alipopiga simu kuuliza kulikoni.

Mfumo uliofuata wa MIT, Multics, ulioanza kujengwa 1965, ndio uliokuja na folda ndani ya folda na orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kwa kila faili. Tunachokiona leo kwenye ukurasa wa Security kina ukoo huo.

Nirudi ofisini. Kuna mambo matatu ambayo huwachanganya hata wanaojua kiasi, na la kwanza ndilo linaloniletea wateja wengi: tofauti ya kuhamisha na kunakili. Ukinakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine, nakala huzaliwa pale ilipofika, nayo hurithi ruhusa za pale. Lakini ukilihamisha ndani ya diski ile ile, faili halizaliwi upya. Limebadilishiwa anwani tu, na linakwenda na orodha yake ya zamani. Ni sawasawa na jalada lililopigwa muhuri wa SIRI: ulipeleke masjala ya wazi, muhuri bado uko juu yake. Na kinyume chake ndicho cha kuogopa. Barua iliyoandikiwa kwenye folda ya wote, kisha ikahamishiwa folda ya meneja kwa kuvutwa na kipanya, inaweza kubaki na orodha inayosema kila mtu. Meneja anaiona iko chumbani kwake, anadhani iko salama. Kwa hiyo nawafundisha makatibu muhtasi kunakili, kuhakiki kuwa nakala inafunguka, halafu kufuta ya kwanza. Flashi nayo ni habari nyingine: nyingi zimeandaliwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ambayo haina orodha kabisa. Faili likishaingia kwenye flashi ruhusa zote zimebaki nyuma, na flashi ile ile ndiyo inayopelekwa stendi kuchapishwa.

La pili ni kukataza. Windows inakuruhusu kuandika mstari wa Deny, na watu huupenda kwa sababu unasikika mkali. Shule moja mkuu aliweka katazo kwa Everyone kwenye folda ya mitihani, akiamini amewafungia wanafunzi. Alikuwa amesahau kuwa naye ni miongoni mwa kila mtu. Mitihani ya muhula ilikaa humo bila mwalimu yeyote kuigusa mpaka nilipopigiwa simu. Katazo lililoandikwa moja kwa moja hushinda ruhusa zote. Lakini katazo lililorithiwa kutoka juu hushindwa na ruhusa iliyoandikwa moja kwa moja kwenye folda ya chini. Kanuni hiyo ina mantiki yake, ila katika ofisi yenye haraka husababisha maafa. Ushauri wangu ni kutotumia katazo. Usipompa mtu ruhusa, hana. Huhitaji kumkataza juu yake.

La tatu nalieleza kwa uchungu zaidi. Yote niliyosema hayana kazi kama ofisi nzima inaingia kwa jina moja. Nimekuta kompyuta sita zinazofunguliwa na akaunti moja, nywila imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Kwa kompyuta hiyo, mhasibu, mlinzi anayechaji simu na mwanafunzi wa fildi ni mtu mmoja. Hakuna orodha itakayowatofautisha. Kazi ya kwanza kwenye ofisi yoyote ni kumpa kila mtu akaunti yake, na watakaponung'unika kwamba wanacheleweshwa kazi, meneja asimame imara.

Kwenye kile chama tulianza na karatasi. Nilimwomba meneja asiniambie majina ya watu bali kazi: afisa mikopo, mhasibu, mapokezi, bodi, wa fildi. Kisha kila kazi inahitaji kusoma nini na kuandika nini. Mjadala huo ulichukua muda mrefu kuliko kazi ya kompyuta yenyewe, na nilifurahi, kwa kuwa ndio uliokosekana miaka yote. Afisa mikopo alitetea kwa nguvu kwamba mapokezi wasione barua za kuomba kuongezewa muda, kwamba watosheke kujua mkopo upo au umekwisha. Alikuwa sahihi kabisa.

Tukatengeneza kundi kwa kila kazi, tukaweka watu ndani ya makundi, na ruhusa tukazipa makundi peke yake. Mtu akihama au kuacha kazi unamtoa kwenye kundi, basi. Ukimpa ruhusa mtu kwa jina lake, siku akaunti yake inapofutwa orodha itabaki na namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na hakuna atakayekumbuka alikuwa nani, kwani kompyuta haikuwahi kumjua kwa jina. Ilimjua kwa namba hiyo. Ukifungua akaunti nyingine kwa jina lile lile, namba itakuwa mpya na ruhusa za zamani hazitamfuata.

Folda ya juu kabisa tuliiachia ruhusa ndogo mno: kuona majina ya folda zilizomo tu, bila ruhusa hiyo kushuka chini. MIKOPO, MISHAHARA na BODI tulizikata urithi. Hapo Windows huuliza swali ambalo watu hulijibu bila kusoma: mistari iliyorithiwa igeuzwe kuwa ya folda yenyewe, au iondolewe yote? Ukiondoa yote kabla ya kuandika mingine unabaki na orodha tupu, na orodha tupu maana yake haingii mtu. Sisi tuligeuza, tukaongeza makundi yetu, ndipo tukafuta Everyone. Skana tuliipa akaunti yake, inayoandika kwenye folda moja ya mapokezi ya skani na haiwezi kugusa kwingine. Nilianza kwa kuhifadhi orodha zote za zamani kwenye faili kwa amri ya icacls, ili mambo yakienda kombo turudi tulikotoka. Na wafanyakazi walipolalamika kuwa bado hawaingii, niliwaambia watoke kabisa na kuingia tena, maana kompyuta hukagua uanachama wa makundi wakati wa kuingia.

Wanaotumia Google Drive wasidhani hili haliwahusu. Kamati za harusi, vikundi vya kina mama na makanisa mengi huku huweka kumbukumbu huko, na urithi ni ule ule: ukimshirikisha mtu folda, umemshirikisha vyote vilivyomo na vitakavyowekwa kesho. Ukiifungua kwa yeyote mwenye kiungo, hujui tena ni nani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika, na inazipa ulinzi zaidi taarifa nyeti, zikiwemo za afya na za miamala ya fedha ya mtu. Karatasi ile ya hospitali, ndani ya folda ya mikopo, ilikuwa na yote mawili.

Tulipomaliza, meneja aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. "Na wewe, mwanangu, unaona?"

Nilimjibu kweli. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kuchukua umiliki wa folda yoyote na kujipa ruhusa. Zaidi ya hapo, anayechomoa diski na kuipachika kwenye mashine yake, ambako yeye ndiye msimamizi, anaweza kupita orodha zote, maana anayezisimamia ni Windows iliyo kazini wakati huo. Dawa ya hilo ni kuifunga diski nzima kwa usimbaji, na tuliifunga. Kuhusu mimi, tulikubaliana mambo yaandikwe kwenye mkataba, na nywila ya msimamizi isikae kichwani mwangu. Niliiandika kwenye karatasi mbele yake, tukaitia kwenye bahasha, tukaifunga kwa lakiri na kutia saini juu ya mkunjo, naye akaiweka ndani ya sefu pamoja na ufunguo wa diski. Daftari liko juu ya sefu: kila bahasha ikifunguliwa huandikwa tarehe, saa, nani na kwa sababu gani, kisha nywila hubadilishwa na bahasha mpya hufungwa.